Mhamiaji Mmoja wa Mwabulugu

Kata ya Mwabulugu iliutangazia ulimwengu, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bodaboda, kwamba kuanzia Jumatatu imesitisha urafiki na nchi jirani.

Sababu ilikuwa nzito. Kwenye mkutano wa mawaziri, waziri wetu alipewa kiti cha plastiki, na mwenzake wa nchi jirani akakalia cha sofa. Jirani hakuomba radhi. Sisi tukazuia nyanya zake, yeye akazuia vifaranga vyetu, mpaka wa nchi ukafungwa, na kila kata ikaagizwa kutoa mhamiaji haramu mmoja. Kutoka Mwabulugu hadi mpakani ni kutwa nzima kwa basi, lakini agizo halikutaja umbali.

Enock Magesa, Mwenyekiti wa Kamati ya Utambuzi, alijua pa kuanzia. Bibi Ghati, mkunga wa pale machimboni, aliolewa kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa msichana. Mumewe alishafariki, na huko alikotoka hakubaki hata ndugu wa kumpokea. Enock hakuwa na kinyongo naye. Ila lori la kumchukua mhamiaji lilishafika, na lingerudi tupu ingekuwa aibu ya taifa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mbona na mgambo? Nani anajifungua?"

"Bibi, kikao kimebaini kwamba wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani? Mama yako nimemkanda kwa mikono hii!"

"Ukandaji hauhusiani na diplomasia," alisema Enock, akafungua kanuni alizozitunga mwenyewe. "Kipengele cha saba: kauli yoyote iliyowahi kutolewa na mhamiaji haramu ni batili tangu siku ilipotolewa."

Katibu wake, Violeth, akakohoa. Yeye alizaliwa hospitalini kule Mwadui, na cheti anacho.

"Mheshimiwa, kipengele cha nne kinasema asiye na cheti cha kuzaliwa atathibitishwa na mkunga aliyemzalisha."

"Sahihi kabisa."

"Wewe cheti huna. Kitambulisho ulikipata kwa kiapo cha Bibi Ghati. Nakala hii hapa."

Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai jirani waliweka vikombe chini.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kiapo ni batili. Kwa mujibu wa kanuni, hujazaliwa popote."

"Weee!" mchimbaji mmoja akadakia. "Kumbe tunaongozwa na mtu aliyeokotwa shimoni, kwenye duara!"

Enock akacheka kile kicheko cha ofisini, kisha akamgeukia mkunga. "Bibi, hebu waambie. Ulinizalisha wapi?"

Bibi Ghati alichochea moto wake taratibu. "Mimi najua nini, ng'wanawane, mwanangu? Maneno yangu batili."

"Bibi, shikamoo."

"Umeshaniamkia leo. Huko kwenu ndivyo mnavyosalimiana?"

Dereva wa lori alipiga honi. "Jamani, nimeagizwa mmoja, na hapa naona wawili. Napakia yupi?"

Enock alimnyooshea kidole Bibi Ghati, lakini Violeth alikuwa bado anasoma.

"Kipengele cha kwanza," alisema. "Katika zoezi hili, viongozi watakuwa mstari wa mbele."

Mgambo, aliyezoea kutii maandishi, alimshika Mwenyekiti mkono na kumsaidia kupanda.

Taarifa iliyotumwa wilayani jioni hiyo ilisema zoezi la Mwabulugu limefanikiwa kwa asilimia mia moja. Mhamiaji haramu mmoja amebainika, mwanamume, mahali pa kuzaliwa hapajulikani. Alipohojiwa alidai kuwa yeye ni mwenyekiti wa kamati. Kamati imempuuza.