Vidonge vya Konga

Jumatatu, 3 Novemba

Konga atanimaliza! Tunaishi chumba kimoja hapa Atlabara, tunakula sahani moja. Asida, ugali wetu wa mtama, inaingia tumboni mwangu, sifa zinaenda kwake. Anakula kama mchimba kisima na bado mwembamba. Leo Teresa, muuza chai wa pale kona, kamwongeza zalabia, yale maandazi yake ya sukari, bure na kumsifu suruali inavyomkaa. Yangu hakuitaja. Mama yake Teresa anakuja kutoka Yei, na tarehe 16 mmoja wetu ataalikwa nyumbani kwao kula mchana. Kila mtu mtaani anajua maana ya chakula hicho: ni mkwe anayechaguliwa. Lazima niwe mimi!

Jumatano, 5 Novemba

Siri nimeipata! Kila asubuhi Konga hugeukia ukuta, akameza kidonge. Nikamuuliza. Akasema ni mambo ya shingo tu. Shingo! Ni dawa ya kupunguza mwili, nani asiyejua? Mchoyo mkubwa. Alipokwenda kuoga nikavihamishia vidonge kwenye kopo langu la mafuta ya nywele. Kwenye chupa yake nikajaza vitamini zangu, nyeupe vilevile. Nimemeza kimoja. Najisikia mwepesi tayari.

Jumapili, 9 Novemba

Kwa kuwa dawa inafanya kazi, sijinyimi kitu. Zalabia asubuhi, zalabia jioni. Kanisani kifungo cha shati kiliruka katikati ya sala, kikampiga Mama Rejoice kisogoni. Alidhani ni mtoto wa nyuma, akamfinya. Konga analalamika kwamba dawa yake siku hizi ni chachu. Nikamwambia ni joto. Cha ajabu, anazidi kukonda! Jasho linamtoka hata akikaa kivulini. Bila shaka ana chupa nyingine, kaificha. Nimepekua godoro lake, sikuona kitu.

Alhamisi, 13 Novemba

Balaa! Tukiwa kwa Teresa, mikono ya Konga ilitetemeka mpaka chai ikamwagika yote. Akasema moyo unamkimbia. Teresa akatupa birika, akapiga kelele, “Konga, wewe iko mgonjwa sana!” Kisha akamshika mkono. MKONO! Wakapanda boda hadi kliniki, wamekumbatiana. Mimi nikaachiwa kupepea mkaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Sista Akuac wa kliniki kaniita na kuniuliza vitamini ziliingiaje kwenye chupa ya mgonjwa. Nikasema labda zilichanganyika zenyewe. Akanibana mpaka nikakiri kwamba vidonge viko kwenye kopo langu. Akanieleza kwamba shingoni kuna tezi inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Ya Konga imepagawa. Inachoma kila anachokula, inamkimbiza moyo, inamtetemesha. Vidonge vile ni vya kuipunguzia kasi. Kumbe siku zote hizi nameza breki! Akasema moyo wa Konga ungeweza kusimama, na mimi pia ningejiua kwa dawa ya mtu. Akaninyang'anya kopo, akanitoa damu ya kupima.

Nilimwogopea Konga kweli, karibu dakika nzima. Kisha nikaukumbuka ule mkono.

Jumapili, 16 Novemba

Kaalikwa Konga. Ati mgonjwa anahitaji kutunzwa. Mama mwenyewe kamkatia nyama, na Teresa kasema dawa ikimrudishia mashavu atapendeza zaidi. Akikonda anasifiwa, akinenepa atasifiwa! Karudi na bakuli la mabaki kwa ajili yangu. Nimelimaliza kwa hasira.

Majibu ya damu yangu yametoka. Tezi ni nzima kabisa, hata kisingizio sina. Sukari ndiyo imeanza kupanda, na Sista Akuac kasema niache zalabia na nitembee kwa miguu. Huyu naye hajui mapenzi.

Tangu Konga alale niko mbele ya kioo, najizoeza. Mkono wa kulia unatetemeka vizuri sasa. Wa kushoto bado mzembe. Kesho naenda kwa Teresa kuagiza chai, na kikombe kijae hadi juu.