Bastola za Baba na Likizo Yangu

Jumapili, 8 Februari
Mama mwenye nyumba kasema Idi hii anakwenda kwao mmoja tu. Mimi au Jebet, Mkenya anayemtunza bibi. Mmoja! Mwanangu Shamira yuko Tanga kwa mama yangu, na leo kwenye simu kaniita anti. Nikamwambia kwa upole, mimi ni mama. Akasema mama yuko jikoni. Nikakata, nikaenda kumbembeleza mtoto wa wenyewe.

Lazima niende mimi.

Jumatatu, 9
Anayeamua ni Baba. Hapa Muaither, katika nchi hii ya Waarabu, bosi wako unamwita Baba, hata kama hajui umekula nini. Baba anakusanya bastola kuukuu za majeshi. Zimezibwa mitutu, hazitemi hata mate, zimelala kwenye kabati la kioo majlisini, sebule ya wageni wake. Kila moja anaijua: hii ilitumika jangwani, hii ilikatwa mtutu ienee mfukoni, hii askari aliibadilisha mpini akaweka mti wa mzeituni. Anazishika kama vifaranga. Mimi nimetumika humu miaka minne, sijaulizwa kama nina mtoto.

Jebet keshajua kuuliza, eti Baba, na hii ilipigana wapi? Mnafiki! Nikamwambia hivyohivyo. Akacheka: "Wacha wivu, mami. Kwani umekatazwa kuuliza?"

Jumatano, 11
Mpango umepatikana! Ijumaa wageni wanakuja kuiona bastola mpya. Mpya gani? Nyeusi tii, mpini umekwaruzwa kwa kisu, kama imeokotwa jalalani. Jebet na aulize. Mimi nitafanya kazi.

Alhamisi, 12
Baba kalala mchana, ufunguo wa kabati ninao mimi kwa ajili ya vumbi. Limau, dodoki la waya, unga wa kusugulia masufuria. Weusi wote umetoka! Kando ya mtutu kulikuwa na vijinamba na nembo, vikanisumbua, nikavikazania mpaka vikalainika. Mpini nao nikausugua, mikwaruzo ikaisha. Inang'aa kama sufuria la bibi harusi. Nimeshajiona kwenye ndege.

Ijumaa, 13
Niliingia na kahawa makusudi, nishuhudie. Baba kaitoa. Mgeni mmoja akavaa miwani, akauliza nembo ya jeshi iko wapi, kisha akasema basi, sasa hiki ni chuma tu. Kumbe ile mikwaruzo aliichora askari mwenyewe, kila alipotoka salama vitani, na ndiyo Baba aliyoifuata nchi za watu!

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikaa ameipakata, machozi yanamlenga. Nilitaka kumwambia pole, najua uchungu wa kitu chako kusahau kilikotoka. Kiarabu changu cha jikoni hakifiki huko.

Jumamosi, 14
Anakwenda Jebet. Kanishika bega, eti pole mami, nikuletee majani ya chai? Nikamwambia akayanywe hukohuko.

Nimempigia Shamira, nikamwambia Idi hii siji. Akauliza, nani?

Jumapili, 15
Nimetafakari. Kosa langu halikuwa kusugua. Kosa ni kumwachia Baba chuma kitupu. Mtu anataka mikwaruzo, mikwaruzo nayo ni kazi tu! Bastola kaitelekeza juu ya friji, hataki kuiona. Asubuhi hii yuko ofisini, maana huku Jumapili ni siku ya kazi, nimechukua kisu cha kumenyea vitunguu. Mpini mzima nimeuchora mistari, iliyonyooka kuliko ya yule askari, tena mingi zaidi. Nembo ya jeshi sikuikumbuka vizuri. Nimeweka twiga.

Akirudi ataikuta mezani, pamoja na chai yake. Idi ya Kuchinja haiko mbali.