Buluu Yangu, Papai la Shangazi

Jumatatu, 6 Mei

Baba ametangaza mezani kwamba chumba kitapakwa rangi Jumamosi. Chumba chetu! Yaani changu, mpaka Shangazi alipohamia kwetu na sanduku lake, cherehani yake na mkoromo wake. Fundi rangi ameshapaka sampuli mbili ukutani, kila moja ukubwa wa trei. Moja ni buluu hafifu. Nyingine ni papai lililoiva. Baba akasema mwenye maoni aseme.

Mimi nina maoni. Nimesoma kitabu kizima cha maktaba ya shule juu ya jambo hili. Rangi za joto, kama nyekundu, chungwa na njano, huusogeza ukuta karibu na kuchangamsha mwili. Rangi za baridi huusogeza mbali na kutuliza akili. Nina mitihani. Akili inayohitaji kutulizwa ni yangu, si ya Shangazi, ambaye husinzia kabla taarifa ya habari haijaisha.

Nikafungua mdomo. Shangazi akasema papai, maana buluu itamtia baridi magotini. Mdogo wangu Redio (tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki) akadakia kwamba papai ni tamu. Nikafunga mdomo. Nikaomba chumvi.

Katika nyumba hii sijawahi kuamua chochote. Hata paka, nilimchagulia jina, wakampa jingine. Safari hii, hapana. Sitasema neno, lakini ukuta ule utakuwa buluu.

Jumanne, 7 Mei

Hila ya kwanza: taa. Kitabu kinasema rangi hubadilika kufuatana na mwanga. Balbu ya chumbani ni ya njano na inampendelea Papai waziwazi. Nikaibadilisha na ile nyeupe, kali, ya jikoni. Lo! Papai likaugua papo hapo. Likawa rangi ya plasta iliyokaa kidondani wiki nzima. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikamwita Mama aje anisaidie kutafuta kalamu. Alipoingia, hakulitazama Papai hata kidogo. Alikodolea macho Buluu, akajishika kiuno. Akasema hii si ndiyo rangi ya ile wodi niliyokuzalia wewe? Uchungu usiku kucha, na mtoto mwenyewe akatoka halii, ananitazama tu! Shangazi akadakia kwamba hadi leo bado anatazama tu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jikoni nako, chini ya balbu ya njano, Baba akakata kidole badala ya kitunguu. Kidogo tu! Lakini amezungumza kana kwamba mkono umeng'oka.

Jumatano, 8 Mei

Hila ya pili: joto. Mtu akitokwa jasho mbele ya rangi ya joto, ataichukia. Mantiki safi kabisa.

Nilipotoka shule nilifunga madirisha yote, nikawasha pasi, nikajifanya nanyoosha sare. Nikanyoosha sare yangu, sare ya Redio, na shuka zote za nyumba hii. Chumba kikawa tanuri. Nikamwekea Shangazi kiti mkabala na Papai, nikangoja alaani.

Akalala.

Akaamka amefurahi! Akamwita Mama, akanyanyua mguu, akaushusha, akaunyanyua tena. Akasema magoti yake hayajalegea hivi tangu usichana wake, na ni hilo hilo papai, analihisi likitoa joto. Mama akaweka kiganja ukutani. Akasema jamani, kweli lina joto. Bila shaka lina joto! Pasi ilikuwa imesimama hapo hapo chini yake! Nilitaka kupiga ukelele. Nikakunja shuka.

Shangazi amenibusu kwenye paji la uso. Amemwambia kila mtu kwamba huyu Profesa wetu (ndivyo wanavyoniita, kwa sababu ya vitabu) ana moyo, kumbe kunyamaza kote kule anatuwazia mema. Nina lengelenge kidoleni. Sijakata tamaa.

Ijumaa, 10 Mei

Baba amerudi na makopo mawili, moja la chumba na jingine la ukumbi, maana ukumbi nao umechakaa. Rangi imechanganywa dukani kwa mashine. Vifuniko vimebana, na juu yake kuna namba tu zisizoeleweka. Kwa hiyo Baba amebandika karatasi, CHUMBA kwenye moja, UKUMBI kwenye jingine.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikuwa nikidukua, nilikuwa nikisoma nimesimama. Nikamsikia Baba akimwambia Shangazi, dada, papai lako hilo nimelileta. Shangazi akapiga makofi.

Ilinitosha. Sikungoja mengine. Nikaenda bafuni nikalia kidogo, kwa heshima zangu.

Kisha nikafikiri. Fundi hafuati moyo wake, anafuata karatasi. Wakati wote wakiwa mezani nikabandua karatasi zile, nikazibadilisha. Sikufungua vifuniko. Nifungue vya nini? Ushahidi nimeusikia kwa masikio yangu mawili. Kesho chumba kitakuwa buluu, na hakuna atakayejua nani kaamua. Mimi! Mimi ndiye!

Jumamosi, 11 Mei

Nilitoka masomo ya ziada nikirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu asiye na hatia. Fundi alikuwa amemaliza kupaka mara ya pili. Nikafungua mlango wa chumba.

Papai. Kuta nne za papai. Hata nyuma ya kabati.

Nikakimbilia ukumbini. Buluu! Buluu tulivu, pana, nzuri kuliko ile ya kitabuni. Na chini yake televisheni, na Redio, na tamthilia ambayo kila mtu ndani yake analia.

Baba alikuwa akimhoji fundi. Akasema buluu ilikuwa ya chumba, ya mtoto anayesoma! Shangazi mwenyewe ndiye aliyeomba. Shangazi akaitikia kwamba ni kweli, huyu mtoto huota kwa sauti, usiku kucha ni "buluu, buluu", angefanya nini? Akaona mpeni buluu yake, na papai wampakie ukumbini, anakoshinda akishona.

Fundi akasema alifuata karatasi. Baba akamwuliza tena, una hakika? Fundi akaanza kusitasita. Akasema labda amekosea yeye, siku hizi macho yanamchezea.

Hapo nikasikia sauti. Kubwa, kavu, ya mtu nisiyemjua. Ilikuwa yangu.

"Hajakosea! Mimi mwenyewe nilibadilisha karatasi!"

Redio akapunguza sauti ya televisheni. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake.

Jumapili, 12 Mei

Baba amekataa kupaka upya. Kuta zitakaa hivyo hivyo mpaka kila mtu ajifunze. Shangazi amehamishia cherehani chumbani, kwenye papai lake, na anaimba. Meza yangu iko ukumbini, chini ya buluu yangu, pembeni ya tamthilia.

Mama amekaa nami akanieleza kwa upole. Ungesema tu, mwanangu. Tangu Jumatatu. Neno moja, "buluu", basi. Kusema! Kila mtu anaweza kusema. Redio anasema kutwa nzima, amefika wapi? Hapana. Nimelichunguza jambo hili kisayansi na kosa halikuwa hila. Kosa lilikuwa kutofungua vifuniko.

Jioni Baba aliniita. Akaniuliza, mbele ya wote, bila haraka, mapazia ya chumbani nataka rangi gani. Wote wakanitazama. Hata paka.

Nataka kijivu hafifu. Rangi ya baridi, itulize lile papai. Jibu lilikuwa ulimini. Lakini mimi si mtoto wa jana! Ningesema kijivu, Shangazi angepinga. Nikasema zambarau, tena ya kung'aa, ili akipinga tukutane kwenye kijivu.

Shangazi akafuta machozi. Akasema hatimaye mtoto kasema! Mpeni anachotaka, na asithubutu mtu kumbishia.

Baba ameshatoka kwenda dukani.

Zambarau. Juu ya papai.

Vizuri. Zulia bado halijaamuliwa, na mpango ninao.