Mjane Aliyeigizwa na Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa tatu wa uzamivu. Pendekezo lilipita, kibali cha maadili kikapatikana; imebaki hatua ndogo tu ya kupata data. Nasoma huduma za jamii kwa wazee wanaoishi peke yao. Mpaka leo nimehoji milango yao. Mmoja alisema nimsubiri mwanawe. Hana mwana. Mwingine alinifungulia mbwa.

Ijumaa nasimama mbele ya jopo, nalo linataka mahojiano ya angalau mzee mmoja. Nisipopita, naondolewa masomoni na kwenda kufungasha misumari dukani kwa shemeji. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Tanbihi kwa kuwa hawezi kukusalimia bila kutaja chanzo, amemaliza mahojiano yake yote. Leo ameniuliza kwa upole kama wazee wangu hawajambo. Nimemwambia wanamsalimu.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Shangazi. Ndiye aliyenilea. Hakuolewa, hakuzaa, na ujana wake wote aliigiza michezo ya redio. Anaweza kuwa mtu yeyote bila kuinuka kitini.

Nimemwomba awe mjane asiyefikiwa na huduma. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema haijalishi, sera haimhusu marehemu. Akanitazama kama nimempa chai ya jana. Akasema, "Mwanangu, siwezi kumlilia mtu nisiyemjua. Niachie hadi kesho."

Jumatano, 5 Machi
Tumerekodi. Kumbe marehemu alikuwa fundi saa. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia chumbani, ndiyo hodi yake. Machozi yalinilenga, nikajikumbusha kwamba mume huyo ana umri wa siku moja.

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Nilishika cha pili. Shangazi akaniondoa mkono taratibu, akasema mwenye kikombe hajanywa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesikiliza rekodi ofisini. Katikati ya maelezo ya Shangazi, mtu anakohoa. Mara mbili. Si Shangazi, yeye anaongea. Si mimi, ningejua.

Tanbihi akainua kichwa, akauliza yule mwanamume ni nani. Nikasema jirani. Akasema jirani huyo amekaa karibu sana na kinasa sauti. Nikaandika kwenye unukuzi: anakohoa. Mtafiti makini hatupi kitu.

Nikampigia Shangazi kumtania kwamba kaongeza mwigizaji bila kuniarifu. Akauliza namtaka nani. Nikasema namtaka Shangazi. Akajibu kwa adabu kwamba labda nimekosea namba, hapo wanaishi yeye na mumewe tu.

Msanii wa kweli. Haachi kuigiza hata kwenye simu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita. Jopo limesema mjane wangu anaongea kama mtu aliye hai. Tanbihi alinipongeza bila kutaja chanzo, nikajua imemuuma. Kisha msimamizi wangu akatangaza kwamba kesho atakwenda kumwona huyo mjane kwa macho yake, maana kanuni za maadili zinataka hivyo. Nikamwachia Tanbihi wali wa sherehe.

Jumamosi, 8 Machi
Niliwahi kwenda kumwandaa Shangazi. Nyumba ni ile niliyokulia, ila kuta zimejaa saa, na zote zinatembea. Kwenye msumari uliokuwa na picha yangu ya mahafali imetundikwa kofia ya mwanamume.

Akanikaribisha kwa heshima, akaniita bwana mtafiti. Nikamnong'oneza: basi, Shangazi, tumeshapita, mimi ni mwanao. Akanionea huruma. Akasema hakujaliwa mtoto, wala hakuwa na kaka wa kumzalia. "Angekuwepo ningemkumbuka, au sio, baba?"

Msimamizi akafika, akauliza maswali yake, akasimuliwa habari za marehemu fundi saa, akatoka ameridhika kabisa. Mlangoni Shangazi akanishika mkono, akaniuliza kama mimi nina ndugu. Nilifungua mdomo nimjibu. Nyuma ya pazia mtu akakohoa mara mbili, na Shangazi akaniomba nimpishe mumewe apite.

Nikampisha. Sikuona mtu. Upepo wake ulinukia mafuta ya saa.

Jumapili, 9 Machi
Sikutoka kitandani mpaka mchana. Kila nikipiga simu, ananiambia pole, umekosea namba.

Lakini nimelitazama jambo hili kitaalamu. Huyu sasa ni mjane halisi. Hana uhusiano wowote na mtafiti. Hakuna atakayesema data yangu ni ya kutunga.

Msimamizi ameandika kwamba kwa hatua inayofuata anataka mzee mwanamume. Nimempigia mjomba, ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Amecheka sana, akasema hajawahi kuigiza lakini kwa ajili yangu atajaribu. Akauliza huyo mzee awe mtu wa namna gani.

Nimemwambia ajipangie mwenyewe, mradi tu asiwe na ndugu hata mmoja.