Shati la Kitani la Mzee Soro

Jumatatu, 10 Februari 2025. Arua.

Joto kali. Mzee Soro, mwanajeshi mstaafu wa Koboko, amekuja kutafuta fundi. Jumamosi anamwoza binti yake, na nguo za nailoni zinamtoa vipele mwili mzima. Akasema, "Nataka shati ya kitani. Moja tu. Iko baridi, haina kukwaruza." Alikuwa anaelekea kwa Kaltumu, fundi jirani yangu. Nikamvutia kiti kabla hajafika. Nikamhakikishia kwamba kitani ninacho tele, tena laini kama shavu la mtoto.

Sina hata kipande. Sijawahi kushona kitani maishani.

Jumanne, 11 Februari

Nimezunguka soko lote la mivumba, yaani mitumba. Kila muuzaji anaapa chake ni kitani. Nikachoma nyuzi za kitambaa kimoja. Zikayeyuka kama sukari, zikanigandia kidoleni. Kaltumu aliona. Akasema kitani cha kweli huungua kama karatasi na kuacha majivu. Akaongeza kwamba nikikipata nikifue kwanza kabla ya kukata, maana hurudi na kupungua, halafu nikifue tena na tena kwa maji ya uvuguvugu na siki kidogo, nikikung'ute, nikianike kivulini. Ndivyo kinavyolainika.

Hakuna aliyemuuliza. Wivu umemjaa yule mwanamke.

Jumatano, 12 Februari. Koboko.

Nimepata! Mama mkwe wangu, Mama Paska wa Midia, ana kitambaa cha meza cha kitani halisi, kikubwa, chenye maua ya buluu pembeni. Hukitoa siku padri anapokuja kula, basi. Hukitia wanga wa muhogo mpaka kinakuwa kigumu kama bati. Nikamwambia nimeona upindo umefumuka, nakwenda kuushona. Akakikunja polepole, akanipa kwa mikono miwili. "Mukwe, mutu ingine siwezi kumupa hii."

Nilimwonea huruma. Mpaka nilipofika barabarani.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekata na kushona bila kufua. Mteja hufurahi akisikia shati lipo, na shati lipo. Tatizo ni moja: linasimama lenyewe mezani, mikono imenyooka kama askari gwarideni. Ua moja la buluu limeangukia mgongoni. Nani hutazama mgongo?

Mzee Soro amepiga simu kuuliza kama linakwaruza. Nikamwambia ni siagi.

Kufua tena na tena ni kazi ya wasio na akili. Mimi nimelitia shati kwenye kinu, nikalitwanga. Lililegea kidogo. Bahati mbaya Rejoice, mke wangu, alikuwa ametwanga simsim, ule ufuta wa mboga, humo asubuhi. Sasa shati lina mafuta kifua kizima na linanukia mboga.

Ijumaa, 14 Februari

Nimelichemsha kwa sabuni na magadi. Mafuta yametoka, wanga umetoka. Na ni laini kweli, sijawahi kushika nguo laini hivi. Ila mikono sasa inaishia kwenye viwiko, na kiuno kimekuwa cha mtu wa miaka kumi na sita. Nimeamua ni mtindo.

Rejoice ameuliza kiko wapi kitambaa cha mama yake. Nimesema kiko kwenye mikono salama.

Jumamosi, 15 Februari. Koboko.

Sijui nianzie wapi.

Mzee Soro alivaa, akashindwa kufunga vifungo viwili vya chini, akatoka hivyo hivyo. Yote yalikwenda vizuri hadi alipoinua mikono kumbariki binti yake. Mshono wa kwapa ukaachia. Kisha wa pili. Akageuka kujificha, na ua la buluu likawageukia wageni.

Kumbe Mama Paska ni jirani wa Mzee Soro. Alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akainuka, akamwendea, akaligusa ua la mgongoni kwa kidole. Hakupiga kelele. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya sufuria ya wali.

"Mukwe," akasema, "padri akikuja, atakula juu ya mgongo ya Mzee?"

Watu walicheka hadi bibi harusi akakaa chini. Mimi nilijaribu kucheka nao. Haikusaidia.

Mzee Soro akaingia ndani, akatoka na shati jeupe la pamba, linamkaa vizuri kabisa. Alikuwa ameliagiza kwa Kaltumu kama akiba siku ileile ya Jumatatu, baada ya kuniacha mimi. Akaniambia jeshini walifundishwa kumtazama mtu usoni anapoahidi.

Rejoice amebaki Midia na mama yake. Hakusema atarudi lini.

Jumatatu, 17 Februari. Arua.

Nimetafakari kwa utulivu. Makosa ni ya wanga, ya kinu, na ya Mzee Soro aliyeinua mikono bila sababu. Ushonaji wenyewe haukuwa na kasoro.

Leo viongozi wa kwaya wamekuja kuulizia mafundi wa kitani. Wanataka kanzu za waimbaji wote kabla ya Pasaka. Walikuwa wanaelekea kwa Kaltumu. Nimewavutia viti.

Shangazi wa Rejoice kule Kuluba ana mapazia ya kitani, nyumba nzima. Kesho namwendea. Nitamwambia nayapeleka kufuliwa. Mkasi nimeshaunoa.