Bado Watatu Wanitaje

Jumatatu, 7 Julai

Mvua. Tisini na saba. Nimefungua ukurasa wa mtandaoni unaohesabu wanaonitaja kabla hata ya kupiga mswaki, na bado ni tisini na saba ileile ya tangu Mei. Watafiti wenzangu wana roho mbaya! Kamati ya vyeo inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, na haimpi mtu uprofesa kamili mpaka makala yake moja iwe imetajwa na watafiti wengine mara mia. Bado watatu. Watatu tu!

Na makala yenyewe si ya mchezo. Ndiyo inayoendesha kompyuta ya mapokezi pale idara ya dharura, hapahapa Puerto Montt. Mgonjwa akiingia, kompyuta inasoma vipimo vyake na kumpa rangi. Nyekundu, mbio kwa daktari. Kijani, kaa kwenye benchi.

Nimempigia Wanderley wa Brazil. Tumepatana: nimtaje, anitaje. Akauliza makala yangu inahusu nini. Nikamwambia asijisumbue na hayo.

Jumatano, 9 Julai

Tisini na nane! Wanderley akiahidi anatimiza. Amenitaja katika makala kuhusu meno ya farasi. Nani ataisoma?

Furaha haikufika mchana. Nélida Cárcamo, mtakwimu wa ofisi ya jirani, yule anayekunywa yerba mate, ile chai chungu ya majani, na kuwatazama watu kwa sura hiyohiyo, ameingia na kuketi bila kukaribishwa. Kumbe amepitia data yangu yote. Anasema wagonjwa wanaotoka visiwani wikendi hawapimwi damu, maana maabara imefungwa. Na mimi kila penye pengo nimejaza namba ya mtu mwenye afya njema. Kwa hiyo asiyepimwa anahesabiwa mzima, anapewa kijani.

Ni kweli. Niliyajaza mapengo hayo jioni moja nikiwahi mpira. Nilikusudia kurudi kuyarekebisha, halafu jarida likaikubali makala. Ungerudi wewe? Nikamwambia Nélida hilo ni suala la mtazamo. Akasema ameshaliandikia jarida barua.

Kijicho hicho!

Ijumaa, 11 Julai

Jarida limeniletea barua ya Nélida niijibu kabla hawajaichapisha. Nimeomba muda, nikisingizia mgongo. Wamenipa mwezi mzima. Mgongo umepona palepale.

La pili halikwenda vizuri. Nilipewa makala ya mtu nisiyemjua niipime kwa siri. Nikaipitisha kwa sharti moja: ataje kazi zangu nne. Mchana nikasikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Mwandishi ni mwanafunzi wa zamani wa Nélida, na amemwonyesha sharti langu. Ati siri! Ni nani mwingine chini ya jua ila mimi, Hernaldo Oyarzo, angetaka atajwe Oyarzo, Oyarzo, Oyarzo na Oyarzo?

Nélida alipita mlangoni kwangu amevaa koti. Hakucheka tena.

"Jarida lingoje, sawa," akasema. "Lakini hospitali wapigie leo, Hernaldo. Jumapili boti zitaleta watu."

Nikamwambia nitapiga. Nilimaanisha baada ya kamati.

Jumapili, 13 Julai

Mama ameshuka boti ya asubuhi na milcao, vile vimkate vyake vya viazi, kwenye kitambaa, na homa. Anatetemeka, anasema ni baridi ya majini. Ana miaka sabini na minane na hajawahi kukiri kuumwa. Nimempeleka dharura. Maabara imefungwa. Kompyuta imemwangalia, ikamwangalia.

Kijani.

Nikamwendea Daktari Gallardo, msimamizi wa zamu. Nikamwambia huyu ni mama yangu. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba kila aliyekaa pale ni mama au baba wa mtu. Nikamwambia mimi ndiye mwandishi wa ile makala.

"Najua, dokta, ndiyo maana naiamini," akasema. "Inasema anaweza kusubiri."

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Moja tu: imekosea. Lakini dada yake Gallardo yumo kwenye kamati ya vyeo, na wale ndugu hula pamoja kila Jumapili. Nikalimeza. Nikaenda kumtafutia Mama chai.

Niliporudi, aliniuliza kama kweli ile mashine ni yangu. Nikasema ndiyo. Akawageukia wenziwe wa benchini, midomo imemkauka, akawaambia, "Mwanangu ndiye aliyeitengeneza." Wakanipongeza. Mzee mmoja aliyeshika tumbo akanipa mkono. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Jumanne, 15 Julai

Mama amefariki alfajiri. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Walipokuja kumpima jana hakuwa akitambua mtu. Aliniita kwa jina la marehemu baba.

Siwezi kuandika.

Nimetazama ukurasa. Tisini na nane.

Alhamisi, 17 Julai

Tulimzika jana kisiwani, sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mvua inanyesha na mchimba kaburi amelewa. Nélida alikuja. Alipanda boti na sufuria ya cazuela, supu ya nyama, mapajani, akasimama kwenye tope na viatu vyake vya ofisini, akalia kuliko binamu zangu. Hakuitaja makala. Alinishika mikono akasema, "Pole sana. Wapigie, nakuomba." Nikamwahidi.

Nimerudi leo, nikafungua ukurasa. Mia!

Kumbe Nélida ameliambia jarida kuna watu hatarini, nao hawakuningoja. Barua yake imetoka, imenitaja. Mhariri naye ametoa tahadhari ya kuambatana nayo, amenitaja. Mmoja, wawili. Mia kamili! Ukurasa hauulizi umetajwa kwa sifa au kwa laana. Nililia pale kwenye kiti. Mama angeitangazia boti nzima.

Ila nina mkosi! Katibu wa kamati ameandika kwamba, kwa kuheshimu msiba wangu, faili langu limesogezwa mbele wiki mbili. Nani aliwaomba heshima?

Jioni Gallardo amepiga simu. Sauti yake ni ya mtu asiyelala. Ameisoma barua ya Nélida. Ameniuliza kama ni kweli, na kama wazizime zile rangi, maana mkurugenzi hataki kuzigusa bila neno langu mimi mwandishi. Mafua yamepamba moto, anasema, benchi zimejaa mpaka uani, na Jumapili boti zinakuja tena.

Nilifikiri sana, nisisingiziwe kwamba sikufikiri. Wakizima sasa, dada yake atauliza kwa nini, na kamati nzima itajua. Nimemwambia asiwe na haraka, wasubiri wiki mbili tu.