Betri ya Marehemu Vénant

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Balaa! V8 yangu, gari la Kimarekani la silinda nane, haiwaki. Betri imekufa kabisa, na Jumamosi hii wenye V8 wanakutana mjini Arlington kuamua kama wataniingiza kwenye klabu yao. Miaka miwili nimewabembeleza! Fundi anasema betri ya nguvu hiyo haipatikani hadi Jumatatu.

Mchana nikachungulia dirishani. Kigari cha Kijapani cha marehemu Vénant, jirani yetu Mrundi, kipo pale pale chini ya turubai tangu azikwe mwezi wa sita. Bawa nyuma, bomba la moshi pana kama sufuria ya pilau. Nilimwambia mara ngapi kwamba hilo si gari, ni blenda! Alicheka tu. Lakini alifunga betri kubwa, kwa ajili ya muziki.

Mjane wake, Marie-Rose, ameshasema kitu cha marehemu hakiguswi hadi Jumapili, siku ya kumaliza matanga kwa desturi ya Kirundi. Siku hiyo atakiwasha kigari mwenyewe, watu wasikie. Sawa. Nitakuwa nimeirudisha betri. Yeye yuko kazini. Spana namba kumi, dakika nane.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefunga betri ya Vénant, V8 imewaka mara moja! Ila inapiga mluzi. Ule mluzi wa turbo ya kigari cha Vénant. V8 yangu haina turbo. Nimefungua boneti nikatazama. Haina.

Njiani kwenda kazini kiti kikasogea mbele chenyewe, magoti yakagonga usukani. Vénant alikuwa mfupi. Halafu redio, ambayo haijasema neno tangu ninunue gari hili, ikaanza kusali rozari kwa Kirundi. Nywele zilinisimama! Nikaizima. Ikaendelea hadi fumbo la tano, la mwisho.

Sababu naijua. Umeme wa Kijapani. Unaharibu gari lenye heshima zake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Fedheha. Nilikata kona ya Arlington, usukani ukakataa. Mikono yangu inavuta kushoto, gari linaenda kulia. Likanipeleka taratibu hadi kwenye ghala alilofanya kazi Vénant, likajiegesha kinyumenyume kwenye nafasi yake, likazimika. Watu waliokuwa wanatoka zamu wakavua kofia, kisha wakatazamana. Nestor, rafiki yake marehemu, akaniuliza mbona nimekuja na mluzi wa Vénant. Nikamwambia ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Nimefika Arlington nimechelewa. Charlotte, mwenyekiti, bibi wa miaka sabini mwenye V8 ya njano, akatega sikio kwenye boneti. Akasema anasikia Kijapani humo ndani. Wote wakarudi nyuma hatua moja. Nimepewa nafasi ya mwisho, Jumamosi ijayo.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilipanga kurudisha betri watu wakiwa kwenye misa. Nati zikagoma! Nimechubuka vidole, hazikusogea hata nukta. Wakarudi, watu arobaini, na maharage yao na bia zao.

Marie-Rose akatoa turubai. Akanishukuru mbele ya wote, eti kaka Wilfred ndiye aliyemlindia gari kutoka dirishani. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaingia, akazungusha ufunguo.

Kikawaka.

Kikanguruma, kikapiga mluzi, watu wakalia na kupiga makofi. Marie-Rose alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, na nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini betri iko kwenye V8 yangu, ng'ambo ya maegesho! Niliyejua ni mimi peke yangu. Kisha taa za mbele za kigari zikawaka zenyewe na kunikodolea. Niliogopa hadi sahani ikanidondoka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetafakari kwa kina. Injini inayowaka bila betri! Imepotea bure ndani ya kigari kile. Ikikaa kwenye V8 yangu, Charlotte mwenyewe atanipigia saluti.

Marie-Rose anaingia kazini saa tano. Winchi ya kunyanyulia injini nimeshaazima.